Tusiihukumu Geji Kabla ya Kuihoji

Kuna desturi moja iliyokita mizizi katika gereji zetu, nayo imekuwa ikiwagharimu wenye magari makongwe fedha nyingi pasipo sababu. Geji ya petroli ikionyesha kwamba tangi limejaa, ilhali mwenye gari ana hakika kuwa hajatia mafuta kwa juma zima, hukumu hutolewa papo hapo: geji imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari hutumwa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kuisaka spea ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Huipata kwa taabu na kwa bei ya kukatisha tamaa, naye fundi huifunga. Swichi inapowashwa, mshale mpya nao huinuka na kusema uongo ule ule.

Hapo ndipo lawama huanza. Fundi hudai kwamba spea ni bandia. Muuza spea hudai kwamba fundi haijui kazi yake. Mwenye gari huwalaani wote wawili, kisha huliendesha gari lake kwa kubahatisha hadi siku litakapomzimikia njiani usiku. Katika watu hao watatu hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali la msingi: je, geji ilipewa habari gani hata ikasema ilivyosema?

Maoni yangu ni kwamba geji ni shahidi tu, na shahidi hahukumiwi kabla ya kuhojiwa. Isitoshe, nashikilia kwamba ustadi wa kumhoji shahidi huyu si siri ya mafundi peke yao. Ni elimu ya fizikia ya shule ya sekondari, na pahali pake hasa ni mbele ya wanafunzi wetu.

Yamkini msomaji atauliza magari makongwe yanamhusu nini. Kwa hakika nchi yetu ina uhusiano wa miaka mingi na magari hayo. Mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, yalianza jijini Nairobi mwaka 1970, na mbio za Safari za magari ya kale zilianzishwa mwaka 2003. Peugeot 504, iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na mwaka 1978, ndiyo iliyowabeba wazazi wetu katika safari za mbali kwa miaka na mikaka. Mbali na magari ya maonyesho, yapo yale ambayo bado yanachuma riziki: Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zingali zinabeba maziwa na mbolea mashambani. Mwenye gari la namna hiyo si tajiri mwenye kujifaragua. Aghalabu ni mkulima au mwalimu mstaafu, na shilingi anayoipoteza kwa spea asiyoihitaji ni shilingi ya karo.

Wala hasara haiishii kwenye spea. Geji ya joto ikimdanganya dereva kwamba injini imetulia, kichwa cha injini kitapinda na gasketi itaungua kabla hajang'amua. Spidomita ikisema 50 mjini ilhali gari linakwenda 55, atakayelipa huenda akawa mtoto anayevuka barabara. Kwa hivyo jambo hili si la mapambo ya dashibodi.

Hebu tuitazame Land Rover hiyo ya Series III. Katika dashibodi yake mna geji mbili ndogo, moja ya petroli na nyingine ya joto la maji. Ndani ya kila geji mna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizounganishwa, uliozungushiwa waya. Umeme ukipita katika waya huo, ukanda hupata moto. Kwa kuwa metali hizo mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja, ukanda hupinda na kuusukuma mshale. Umeme ukizidi, mshale hupanda. Ukipungua, mshale hushuka. Geji haijui petroli wala maji. Ijuacho ni kiasi cha umeme unaoipitia, basi.

Kiasi hicho cha umeme huamuliwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni kidhibiti cha volteji, kijisanduku kidogo cha bati kilichofungwa nyuma ya dashibodi, ambacho hupokea umeme wa betri na kuzipa geji zote mbili wastani wa volti 10. Cha pili ni kihisio. Kihisio cha petroli kina mkono wenye boya linaloelea tangini, na kile cha joto kimeparafujwa kwenye injini, ncha yake ikigusa maji. Petroli ikiongezeka, ukinzani wa kihisio cha tangi hupungua; maji yakipata moto, ukinzani wa kihisio cha injini hupungua vile vile. Cha tatu ni kile ambacho mafundi hukiita athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari.

Anayeyafahamu mambo haya matatu amekwisha kupata nusu ya jibu kabla hajashika spana. Swali la kwanza analopaswa kuuliza halihitaji kifaa chochote: je, inayokosea ni geji moja au ni zote mbili?

Ikiwa zote mbili zinakosea kwa pamoja, ni muhali kwamba zimeharibika siku moja kwa sadfa. Hapana budi kosa liwe mahali zinaposhiriki, na mahali hapo ni kidhibiti cha volteji. Ndani ya kidhibiti cha asili mna ukanda mwingine wa metali mbili unaoufunga na kuufungua umeme mara kwa mara, ili wastani wake uwe volti 10. Nacho pia kinahitaji athi. Kutu ikiingia pale kilipofungwa, au mtu akikirudisha bila kuikaza parafujo yake, ukanda ule haupati moto na umeme haukatwi kamwe. Geji basi hupata volteji yote ya gari, ambayo alternata ikichaji huwa kama volti 14.

Walimu wa fizikia wataona mara moja maana yake. Ohm alitangaza kanuni yake mwaka 1827: mkondo wa umeme ni volteji ikigawanywa kwa ukinzani. Ukinzani usipobadilika, volti 14 mahali pa volti 10 huongeza mkondo kwa asilimia 40. Tangi lenye nusu ya petroli huonekana karibu limejaa, na injini isiyo na neno huonekana ikitokota. Mwenye gari hununua geji mbili, na labda rediaeta juu yake, ilhali dawa ilikuwa ni kukwangua kutu na kukaza parafujo moja.

Njia ya kukikagua kidhibiti ni nyepesi. Chukua balbu ndogo ya gari, unganisha waya wake mmoja na mdomo wa kidhibiti unaopeleka umeme kwenye geji, na wa pili uugusishe na chuma kitupu cha bodi. Washa swichi. Baada ya muda mfupi balbu inapaswa kuanza kumetameta. Ikiwaka mfululizo bila kukatika, kidhibiti kimekwama au kimekosa athi. Isipowaka kabisa, na geji zote mbili zimelala chini, tazama fyuzi na waya unaokiletea umeme kabla ya kukitupa. Ikiwa kidhibiti cha asili kilikwisha kubadilishwa na cha kielektroniki, balbu haitametameta. Hapo tumia multimita, nayo itaonyesha volti 10 zilizotulia.

Sasa ikiwa geji moja inasema kweli na mwenziwe anadanganya, kidhibiti hakina hatia. Shuku ihamie kwenye njia ya geji ile moja pekee: geji yenyewe, waya wake, kihisio chake na athi yake. Hapa napo utaratibu ni kuanza upande wa kihisio, si upande wa duka.

Zima swichi, kisha uchomoe waya kwenye kihisio. Washa swichi: mshale unapaswa kulala kabisa, kwa kuwa njia ya umeme imekatwa. Ukigoma kulala, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Zima tena, uugusishe waya ule na chuma kitupu cha bodi, kisha uwashe. Mshale unapaswa kupanda polepole hadi mwisho, nao huenda ukachukua nusu dakika, maana geji za aina hii ni nzito kwa maumbile na uzito huo si ugonjwa. Ukifika juu, zima mara moja, usije ukauunguza waya ulio ndani. Kwa upande wa petroli pana sharti lisilovunjwa: kazi ifanyiwe nje penye hewa, pasiwe na sigara wala moto, na waya uugusishwe na bodi mbali na tangi wakati swichi imezimwa. Cheche moja penye mvuke wa petroli haina msamaha.

Mshale ukitii amri hizo mbili, geji na waya wake wamesafika. Kosa liko kwenye kihisio au kwenye athi yake. Tafuta kipande cha waya, unganisha bodi ya kihisio na chuma safi cha gari, na uutazame mshale. Ukirejea kwenye ukweli, huna haja ya spea yoyote. Ulichokosa ni njia ya umeme kurudi. Kosa hili huyapata sana magari yaliyofufuliwa na kupakwa rangi upya. Mwenye gari hulipendezesha tangi lake kwa rangi maridadi, naye hajui kwamba rangi haipitishi umeme. Vivyo hivyo fundi anayezungusha utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi za kihisio cha joto ili maji yasivuje, huenda akaikata athi bila kukusudia. Njia ya umeme ikiwa mbaya, ukinzani huongezeka na mshale husoma chini. Injini inaungua, nayo geji inasema ni baridi.

Mshale usipopanda waya ulipogusishwa na bodi, bado hukumu haijafika. Rudi kwenye geji yenyewe, uugusishe mdomo wake wa upande wa kihisio na bodi. Ukipanda sasa, waya umekatika katikati. Usipopanda, na umekwisha kuhakikisha kwamba umeme wa kidhibiti unaifikia, hapo tena geji na ihukumiwe, kwa ushahidi kamili. Ni kazi ya nusu saa, na vifaa vyake ni balbu, kipande cha waya na multimita ya bei nafuu.

Kuna hali nyingine ambayo shahidi husema kweli, ila sisi ndio tusiomwelewa. Mwanafunzi akikitumbukiza kihisio cha joto katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na kuyachemsha maji hayo akiwa Mombasa, atasoma karibu nyuzi 100 maji yanapotokota. Akilirudia jaribio lile lile Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yatatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Na Nyahururu, ambako ni juu zaidi, kwenye nyuzi 92 hivi. Asiyejua athari ya mwinuko juu ya kanieneo ya hewa atakilaumu kipimajoto. Ndiyo maana kifuniko cha rediaeta huyafungia maji ili kanieneo ipande na maji yachelewe kutokota. Kifuniko kikilegea, gari la Mombasa lililokuwa salama laweza kutokota likipanda Limuru, na geji haitakuwa na kosa lolote.

Zaidi ya hayo, maji yakipungua sana, kihisio huachwa hewani, na mshale huweza kushuka wakati ule ule injini inapoangamia. Dereva asiye na elimu hii hufurahi kwamba gari limepoa. Dereva mwenye elimu hii husimama upesi, akaiacha injini ipoe kabla ya kugusa kifuniko, kisha akayatazama maji.

Spidomita nayo ina masimulizi yake. Ile ya kale haitumii umeme wa betri. Kebo inayotoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe chepesi cha metali. Sumaku hiyo huzusha mikondo ya umeme katika kikombe na kukivuta, huku springi nyembamba ikikizuia. Mjerumani Otto Schulze aliisajili hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1902, nacho kikatumika katika magari karibu karne nzima. Mshale ukitetemeka au ukirukaruka, mtuhumiwa wa kwanza ni kebo iliyokauka grisi au iliyokunjwa mno.

Lakini spidomita isiyotetemeka yaweza vile vile kupotosha, kwa sababu haihesabu mita za barabara; inahesabu mizunguko. Mwenye gari akifunga matairi makubwa ili gari lipite matopeni, na mzingo wa gurudumu ukaongezeka kwa sehemu moja ya kumi, kila mzunguko utakwenda mbali zaidi na spidomita haitajua. Itakaposema 80, kasi ya kweli itakuwa 88. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 39 inayohusu spidomita haikubali kifaa kuonyesha kasi iliyo chini ya ile ya kweli, na sababu yake i wazi. Kuihakiki si kazi ngumu: abiria na ashike saa huku dereva akiishikilia kasi moja katika kilomita moja iliyopimwa. Kwa kilomita 60 kwa saa, kilomita hiyo huchukua sekunde 60. Kwa 80, sekunde 45. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba mita yako haisomi maili, maana maili 50 ni kilomita 80, na magari mengi ya zamani yaliletwa na mita za maili.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba zama za magari haya zimepita, na kwamba magari ya kisasa yana kompyuta inayojitambulia makosa yake. Sikatai kwamba kompyuta ipo. Hata hivyo, kompyuta nayo hutegemea vihisio, nyaya na athi, nayo ikipewa habari za uongo hutoa hukumu ya uongo. Tena katika magari mengi ya siku hizi mshale wa joto umepangwa makusudi ukae katikati ijapokuwa joto linapanda na kushuka, ili dereva asihangaike. Aliyezoea kuamini mshale bila kuuliza unasoma nini yumo hatarini zaidi katika gari jipya kuliko katika lile kongwe.

Wengine watasema kwamba fundi wa jua kali hana wasaa wa majaribio, kwa kuwa wateja wanamngoja. Nami najibu kwamba nusu saa ya uchunguzi ni fupi kuliko siku tatu za kusaka spea, na kwamba mteja aliyeokolewa gharama hurudi. Rahisi ya kubahatisha huwa ghali mwishowe. Wapo mafundi wetu wengi, baadhi yao hawakupata kuketi katika darasa la sekondari, wanaoifuata njia hii kwa ustadi wa kuonewa fahari. Tatizo ni kwamba ujuzi wao hauandikwi wala haufunzwi, na fundi anapostaafu huondoka nao.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Wanafunzi wetu huikariri kanuni ya Ohm bila kusita, na hupata alama nzuri katika hesabu zake. Muulize mmoja wao iwapo mshale utapanda au utashuka pindi athi ya kihisio inaposhika kutu, naye atakodoa macho. Kanuni anayo, ila hajapata kuiona ikifanya kazi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulinuiwa kumpa mwanafunzi stadi za mikono, lakini shule nyingi zilikosa karakana na vifaa. Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kuenezwa nchini mwaka 2019, umeirudia ahadi hiyo. Tusingoje karakana za fahari ndipo tuitimize.

Dashibodi kuukuu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, betri moja, balbu, multimita, sufuria na kipimajoto vinatosha kwa muhula mzima. Petroli haihitajiki kamwe: kihisio cha tangi kilichosafishwa na kukauka kabisa huinuliwa kwa mkono, na mshale ukafuata. Wanafunzi na wapime ukinzani wa kihisio cha joto tangu maji ya baridi hadi yanapotokota, wachore grafu, wajionee kwamba si mistari yote ya maumbile iliyonyooka. Kisha mwalimu na aizushe hitilafu kwa siri, kwa kulegeza parafujo moja au kukata waya mmoja, na awaamuru waitafute kwa sharti moja: asitaje mtu kosa kabla ya kutaja jaribio lililolithibitisha.

Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hataishia kutengeneza geji. Atakapokuwa muuguzi hatauamini wala kuudharau mtambo wa kupima damu pasipo kuuhakiki. Atakapokuwa mhasibu atauliza takwimu zimetoka wapi kabla ya kumtuhumu karani. Atakapokuwa fundi, mkulima aliyemletea Land Rover yake ataondoka na spea zake zile zile, athi ikiwa imekwanguliwa kutu, na shilingi zake za karo zikiwa mfukoni.